Blaindi za Mota Si za Kishua

Kila nikiweka video ya dirisha letu, lazima mtu atokee na ile laini: "Wewe sasa umekuwa wa kishua." Video yenyewe ni sekunde kumi. Vibao vya aluminiamu vinageuka polepole, mwanga unaingia, basi. Hakuna sofa ya ngozi, hakuna kioo cha kutoka sakafuni hadi dari. Lakini kwa sababu kuna rimoti na mota ndogo inayonguruma kidogo, wasee wameamua hayo ni mambo ya Runda, na sisi wa Umoja tumejipenyeza tu.

Siwalaumu sana. Hii kitu tumeuziwa vibaya. Tafuta blaindi za mota mtandaoni uone: jamaa amelala kwenye kitanda kikubwa kama uwanja, anaambia simu imfungulie dirisha, na nje kuna bahari. Huyo jamaa ana mikono miwili mizima. Angeweza kuinuka. Ndiyo maana mtu wa kawaida akiona anasema huo ni uvivu wa wenye pesa, na kwa huyo jamaa wa kwenye tangazo, ni kweli ni uvivu. Shida ni kwamba wanaotangaza wamechagua mtu asiyefaa. Mtu wa kwanza kuhitaji mota dirishani ni yule asiyeweza kuvuta kamba.

Kwetu huyo mtu ni mzee wangu.

Mzee aliendesha matatu miaka mingi, zile za kuamka saa kumi alfajiri na kurudi watoto wamelala. Halafu akapata kiharusi kilicholegeza upande wake wote wa kushoto. Mguu umerudi kiasi, anatembea na fimbo. Mkono haukurudi. Chumba chake kina dirisha moja pana linaloangalia mashariki, na ploti ya upande wa pili iko karibu hivi kwamba najua wanapika nini bila kuuliza. Pazia likiwa wazi, majirani wanamwona akivalishwa shati. Likifungwa, anakaa gizani saa nne asubuhi kama mtu aliyekosa stima. Na lile pazia zito halifunguki kwa mkono mmoja ukiwa na fimbo; ukivuta upande mmoja, reli inakwama katikati.

Kwa hivyo ikawa ni kuita. "Mama, nifungulie." (Mimi ndiye mama, nimepewa jina la mamake.) Dakika kumi baadaye jua limempiga machoni: "Mama, punguza kidogo." Jioni taa zimewashwa, funga. Mimi na mathe hatukuwahi kulalamika. Lakini kuna kipindi aligeuka akanyamaza. Ningerudi saa nane mchana nimpate amekaa pale pale, pazia limefungwa, redio inaongea. Nikamuuliza mbona hakuita mathe amfungulie. Akasema, "Mamako ana kazi zake. Siwezi kuwa naita mtu kila saa kwa ajili ya jua."

Mtu aliyebeba abiria kumi na wanne kila safari, sasa anaona haya kuomba mwanga. Hapo ndipo nilianza kusoma mambo ya blaindi.

Kwanza, kwa nini za vibao na si pazia la mota. Pazia lina majibu mawili, ndiyo au hapana. Vibao vilivyolala vina majibu mengi, kwa sababu unaweza kuvigeuza bila kuviinua. Na kabla mtu aniambie ni uzungu, atembee Mji wa Kale kule Mombasa atazame juu. Yale madirisha ya mbao yenye vibao vilivyoinama yanafanya kazi hiyo hiyo: upepo unapita, mwanga unaingia kwa kipimo, na wa nje haoni aliye ndani. Yetu ni ya aluminiamu na ina betri, lakini wazo ni lile lile.

Kuna kitu watu wengi hawajui, hata wale ambao tayari wana blaindi: upande unaoinamishia vibao ni muhimu kuliko vile umevibana. Ukiinua ukingo wa ndani, yaani ule unaoelekea chumbani, na ule wa nje ukashuka, mtu aliye juu yako upande wa pili haoni kitu. Macho yake yanagonga mgongo wa kibao. Aliye chini barabarani akitazama juu anaona dari yako tu. Ukigeuza kinyume, ukingo wa nje ukiwa juu, basi aliye ghorofa ya juu anatazama moja kwa moja hadi kitandani kwako, huku wewe unadhani umejificha. Sisi tuko ghorofa ya tatu na ploti jirani ina sita. Hesabu ni rahisi.

Halafu jua. Nairobi iko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na dirisha la mashariki halipati likizo. Mwezi wa sita jua linasogea kidogo upande wa kaskazini, wa kumi na mbili linasogea kusini, lakini asubuhi lazima likutembelee. Saa moja liko chini, linaingia karibu kama mtu aliyesimama mlangoni, na hapo vibao vinahitaji kufungwa karibu kabisa. Saa nne limepanda, unaweza kuvilegeza na bado lisimguse mtu usoni. Maana yake ni kwamba dirisha hilo linataka kurekebishwa mara tatu au nne kabla ya chakula cha mchana. Nani ataita mtu mara nne?

Sasa, kununua. Hapa kuwa macho, kwa sababu neno "blaindi ya mota" linaficha vitu viwili tofauti kabisa. Kuna mota ya kugeuza vibao peke yake, na kuna mota ya kugeuza na pia kuinua blaindi yote juu. Ya kwanza ni ndogo, haili betri, na mara nyingine inaweza kuingizwa kwenye blaindi uliyo nayo tayari, bora reli ya juu iwe na nafasi. Ya pili inabeba uzito, kwa hivyo ni kubwa na bei yake inapanda. Duka moja mjini lilikuwa tayari kuniuzia ya kugeuza kwa bei ya kuinua. Nilimwambia jamaa aiwashe niione ikipanda. Akaanza kunieleza habari ya betri kuwa chini. Nikamshukuru nikatoka. Usinunue hii kitu ikiwa kwenye boksi. Ifungwe kwenye stendi yao, ipande, ishuke, igeuke, ndio doh itoke.

Sisi tulichukua ya kugeuza peke yake. Mzee hahitaji dirisha wazi kabisa, anahitaji mwanga na asionekane. Siku ya kuosha kioo mimi ndiye nainua kwa mkono. Vibao ni aluminiamu ya milimita 25, vyepesi. Vile vya mbao vya milimita 50 vinapendeza zaidi kwenye picha, lakini ni vizito, na kwa mota ndogo uzito ni adui.

Umeme pia ni wa kuchagua. Kuna mota za kuunganishwa na stima ya nyumba, volti 240, ambazo hazihitaji kuchajiwa lakini zinahitaji fundi wa umeme, waya ndani ya ukuta, na mwenye nyumba mwenye roho safi. Kuna za betri ya lithiamu, unachaji kama simu. Na kuna za betri pamoja na kipaneli kidogo cha sola kinachobandikwa kwenye kioo. Kwa mpangaji, ya betri ndiyo ya maana. Stima ikipotea mtaa mzima, dirisha la mzee linaendelea na kazi, na kusema kweli jioni ya giza ndipo anafurahi kuonyesha wageni.

Kuhusu simu na Wi-Fi: mzee hataki apu. Ana rimoti yenye vitufe vitatu, na hiyo rimoti inatumia mawimbi ya redio, kwa hivyo si lazima aielekeze dirishani kama ya TV. Anaiweka mfukoni mwa sweta akabonyeza. Intaneti ikikatika hajui. Kama unamnunulia mtu mzima, mpe vitufe anavyoweza kuvisikia kwa kidole. Apu ni yako wewe.

Kabla ya drili, mwenye nyumba. Nilimwandikia ujumbe kwenye WhatsApp nikieleza mashimo mangapi, ya ukubwa gani, na kwamba tukihama tutayaziba na kupaka rangi. Nilitaka iwe maandishi kwa sababu dipoziti ina njia yake ya kuyeyuka. Keateka alikuja kuangalia akauliza, "Hii ni ya nini, kwani pazia lina shida gani?" Mzee mwenyewe akamjibu kutoka kitini, "Pazia halina shida. Shida ni mkono." Keateka akaangalia chini kidogo, akasema atuletee ngazi.

Madirisha ya nyumba zetu hayakujengwa na mtu aliyewaza blaindi. Fremu ni ya chuma, inafunguka kwa nje, na ndani kuna grili ya kuzuia wezi, pamoja na zile hendeli zinazotokeza kama viwiko. Video nyingi za mtandaoni zinakuambia uweke blaindi ndani ya shimo la dirisha. Ukifanya hivyo hapa, vibao vinagonga grili kila upepo ukivuma, na hendeli inazishika. Kwa hivyo tuliifunga nje ya shimo, ukutani juu ya dirisha. Ukifunga hivyo, nunua blaindi pana kuliko shimo, kama sentimita tano hadi kumi kila upande, la sivyo mwanga na macho yanapita pembeni. Na ipandishe kidogo, ili siku ukiinua, rundo la vibao likae juu ya kioo na si mbele yake. Wale ambao dirisha lao linakubali kufungwa ndani wapime upana mahali patatu, juu, katikati na chini, wachukue kipimo kidogo kabisa na kupunguza kama sentimita moja. Kuta zetu haziko sawa hata siku moja.

Juu ya dirisha kuna boriti ya konkriti yenye vyuma. Drili ya kawaida itapiga kelele hapo bila kuingia. Unahitaji ile ya kugonga, na biti ya ukuta ya milimita sita. Fundi tuliyemwita alikuja na drili yake, akaniuliza, "Siste, huyu mzee atakaa wapi tukitoa vumbi?" Nikampenda hapo hapo. Tulimhamisha mzee sebuleni, tukafunika kitanda, tukaweka alama kwa penseli, tukaangalia pima maji mara mbili. Hii ya pima maji usiiruke. Reli ikiinama hata kidogo, vibao vinateleza upande mmoja, nyuzi zinavuta bila usawa, na mota inafanya kazi ya ziada kila siku hadi ichoke. Shimo moja liligonga chuma kwa ndani. Fundi hakulazimisha, alisogeza breketi sentimita tatu. Vile viplastiki vya ukutani viliingia, skrubu zikakaza, reli ikaruka ndani ya breketi na kulia "taa." Blaindi yenye upana kama yetu inataka breketi ya katikati pia, usiache mbili za pembeni zibebe kila kitu.

Kisha ile sehemu ambayo hakuna anayeionyesha: kufunza mota vikomo vyake. Lazima ijue mahali pa kusimama ikifunga upande huu na ikifunga upande ule. Kila kampuni ina mpangilio wake wa kubonyeza, kwa hivyo hiyo karatasi ndogo ndani ya boksi usiitupe. Nimeipiga picha na pia nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Tulimwachia mzee aamue kikomo cha kulala, kwa sababu yeye ndiye anaishi ndani ya huo mwanga.

Siku ya kwanza alibonyeza mpaka nikaogopa mota itaungua. Fungua, funga, fungua. Mathe, ambaye alikuwa amepinga tangu mwanzo ("hiyo pesa ingeleta unga wa miezi"), alisimama mlangoni akimwangalia bila kusema kitu. Sasa hivi ndiye anayekumbusha kuchaji.

Kuna jambo lingine lililotufanya tuondoe kamba kabisa. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu na anashinda kwetu. Kamba za blaindi, hasa zile zenye kitanzi, zimeua watoto wadogo. Mtoto anacheza, kamba inamshika shingo, na haichukui muda wala haina sauti. Ni jambo linalojulikana kiasi kwamba Marekani, tangu Desemba 2018, kiwango cha watengenezaji kinataka blaindi zinazouzwa tayari dukani ziwe hazina kamba, au kamba isiweze kufikiwa na mtoto. Huku kwetu bado unauziwa kamba ndefu inayoning'inia hadi sakafuni na hakuna anayekuambia kitu. Kama huna pesa ya mota na una mtoto nyumbani, leo hii funga kamba juu kwenye ndoano asikoweza kufika, na usogeze kitanda chake mbali na dirisha. Na ukiwa na rimoti, angalia kifuniko cha betri. Ile betri bapa ndogo kama sarafu mtoto akiimeza inachoma koo kwa ndani, ni ya kukimbia hospitali mara moja. Yetu nimeizungushia tepu.

Utunzaji sasa, kwa sababu vumbi la Umoja halina adabu. Mara moja kwa wiki mbili nafunga vibao upande mmoja, napangusa kwa soksi kuukuu niliyovaa mkononi, halafu nageuza upande wa pili na kurudia. Kavu kwanza. Ukianza na maji unatengeneza matope. Doa likikataa, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha ukaushe. Reli ya juu, ambamo mota inaishi, haioni maji hata tone. Kuna wale wanapenda kumwagia mafuta kila kitu kinacholia. Mafuta ya kupikia au grisi yatashika vumbi na kugeuka gundi. Ikiwa fimbo ya ndani inakwaruza, ni silikoni kavu kidogo, na si kwenye mota.

Tangu tuiweke, betri tumeichaji mara mbili, na hatungoji iishe kabisa. Lithiamu haipendi kuachwa tupu wiki nyingi. Nikisikia mota imeanza kwenda polepole kuliko kawaida, najua ni wakati wake. Nyuzi zinazobeba vibao nazikagua nikipangusa, kwa sababu uzi ukianza kuchanika unauona mapema, na kubadilisha uzi ni bei rahisi kuliko kubadilisha blaindi. Na kila mgeni anaambiwa: usishike vibao kwa mkono. Kuvilazimisha vigeuke kunaumiza meno madogo ya mota na kunaharibu vikomo.

Mbona niko mkali hivi kwa usafi wa dirisha? Kwa sababu mwezi uliopita rimoti iliisha betri siku ya Jumapili, maduka ya karibu yamefungwa, na kwa siku moja na nusu mzee alirudi kuita. Hakulalamika. Ila Jumatatu asubuhi nilimpata amenyamaza tena, pazia la mawazo limefungwa. Sasa kuna betri mbili za akiba kwenye droo ya juu, mbali na mtoto.

Nitasema na upande mwingine. Kama una mikono yako miwili, dirisha moja, na unakaa bedsita, huhitaji mota. Nunua blaindi ya vibao yenye fimbo ya kuzungusha, isiyo na kamba, uweke hiyo tofauti ya bei kwa kitu kingine. Yetu ilimeza kodi ya mwezi mmoja na chenji, na tulichanga watu watatu. Sitajifanya ni kitu cha kila mtu. Lakini nyanya yako mwenye arthritis, shosh anayelala ghorofani na mabega hayapandi, jirani wa kiti cha magurudumu ambaye dirisha liko juu ya mkono wake, hao wakisema wanataka blaindi ya mota, tafadhali usiwacheke. Waulize wanataka dirisha gani lianze.

Mzee tayari ameuliza kuhusu la sebuleni. Anasema pale jua la jioni linamharibia mpira kwenye TV, na kwamba Desemba nikipata kitu niangalie. Nimemwambia tutapima. Akanijibu, "Pima mahali patatu, mama," kama ni yeye aliyenifunza.